Baridi na maji ya kunywa: hatari wasiyoiona wafugaji wa kuku Rubwera

WAFUGAJI wa kuku katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama Kanada na majimbo ya kaskazini mwa Marekani, hukabiliwa kila mwaka na tatizo la maji ya kunywa ya kuku kuganda na kuwa barafu. Baadhi hutumia vifaa vya umeme vya kupashia maji, na wengine hulazimika kuyabadilisha mara kadhaa kwa siku.

Rubwera, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, tatizo hilo halipo. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Karagwe mwaka 2012, ni nchi ya vilima iliyo karibu na Ikweta, na maji yake hayashuki hadi nyuzi joto sifuri za Selsiasi, kiwango ambacho huganda. Hapa nchini, hali inayokaribia hiyo huonekana Kitulo, mkoani Njombe, ambako sakitu huanguka katika miezi ya kipupwe.

Hata hivyo, maji kutoganda hakuna maana kwamba kuku wako salama. Maji yaliyolala chomboni usiku kucha huwa baridi sana alfajiri, hasa nyakati za mvua, na wa kwanza kuumia ni vifaranga.

Kifaranga wa siku chache hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Akinywa maji ya baridi, joto la mwili wake hutumika kuyapasha. Akilowa, hulipoteza haraka zaidi. Ndipo vifaranga hurundikana na kulaliana, na walio chini hufa kwa kukosa hewa. Mfugaji anayekuta mizoga asubuhi huweza kudhani kuwa banda limeingiliwa na ugonjwa.

Kinga yake haina gharama kubwa. Katika wiki ya kwanza, sehemu ya kulelea vifaranga inatakiwa kuwa na nyuzi joto 32 hadi 35, kisha joto lipunguzwe taratibu kila wiki. Maji ya kwanza ya asubuhi yawe ya uvuguvugu. Chombo kiwe na mdomo mwembamba au kiwekewe kokoto safi ili vifaranga wasitumbukie, na kiinuliwe kidogo kutoka kwenye maranda. Maranda yaliyolowa yaondolewe, kwani unyevu na joto hustawisha vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu.

Anayetumia jiko la mkaa hana budi kuacha nafasi ya hewa juu ya banda. Banda lililozibwa kabisa hukusanya hewa ya sumu, inayoweza kuua kuku na hata mtu anayelala humo.

Kuku wakubwa huvumilia baridi, lakini nao hupunguza kunywa. Kuku wa mayai 100 huhitaji takriban lita 20 hadi 25 za maji kwa siku. Kwa kuwa robo tatu hivi ya kilichomo ndani ya yai ni maji, kuku asiyekunywa vya kutosha hupunguza utagaji.

Athari nyingine huhusu chanjo. Mfugaji anapochanja dhidi ya mdondo, ambao pia huitwa kideri, kwa kuchanganya dawa katika maji, kuku wasio na kiu wakati wa baridi huenda wasinywe kipimo kinachotosha. Maji ya bomba yenye klorini nayo huua virusi vya chanjo. Kwa sababu hiyo, chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), hutolewa kwa uhakika zaidi kwa njia ya tone moja jichoni kwa kila kuku, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Mdondo ukiingia katika kijiji ambacho kuku hawajachanjwa, huweza kuteketeza karibu kuku wote katika siku chache. Kwa familia ambayo ada ya shule au matibabu hutokana na kuuza kuku wawili watatu, hiyo ni hasara isiyofidiwa kirahisi.