Vifuniko vya Meno Katika Nyumba Zetu

Msichana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu hapa Mombasa, mwenye umri wa miaka 16, aliketi mbele yetu alasiri moja kusoma sura yake. Tukasikia sini yake yatoka kama thaa, na zee yake yaelekea dhali. Tukamrudisha mara tatu. Mara ya nne tukamwambia, mbele ya wenziwe, kwamba mtoto aliyefika juzuu ya 20 hasomi kama mwenye halwa kinywani. Wenziwe wakacheka. Yeye akainama, hakujibu neno. Twaanza na habari hii kwa sababu kosa lilikuwa letu, na matokeo yake yalimgharimu babake fedha, na yeye mwenyewe miezi.

Kinywani hamkuwa na halwa. Mlikuwa na vifuniko viwili vya plastiki, kimoja cha meno ya juu na kimoja cha chini, vyembamba na angavu kama kioo, ambavyo madaktari wa meno siku hizi huvitumia kunyoshea meno yaliyopandana badala ya vile vyuma vya zamani. Fikra yenyewe si ya jana. Mwaka 1945 daktari wa Marekani, H. D. Kesling, alieleza kifaa chake cha mpira cha kuyasukuma meno kidogo kidogo. Vifuniko vya leo vilienea kwa kazi ya kampuni ya Align Technology, iliyoundwa California mwaka 1997. Sura ya meno huchukuliwa, kompyuta hupanga mwendo wa kila jino, kisha hutengenezwa vifuniko vingi kwa mfululizo, kila kimoja kikilisogeza jino kadiri ya robo ya milimita. Mtu huvaa kimoja kwa wiki moja au mbili, halafu huvaa kinachofuata. Jino likisukumwa, mfupa wa upande liendako huliwa polepole, na wa upande litokako hujengeka. Kazi hiyo haitaki pupa, wala haitaki kukatizwa. Kwa hiyo sharti lake ni zito: vikae kinywani saa 20 hadi 22 kila siku.

Hesabu basi, ewe msomaji, kilichobaki. Ni saa mbili, pengine kidogo zaidi, za kula, kunywa na kupiga mswaki. Navyo vikiwa kinywani hunywi kitu ila maji yasiyo moto: chai ya moto huipotoa plastiki, sukari hunaswa kati ya kifuniko na jino ikaliozesha, na manjano ya mchuzi hukitia rangi. Nyumba zetu hazikuzoea hesabu hiyo. Asubuhi mna mahamri na mbaazi, saa nne mna chai, alasiri mna viazi vya karai, na baada ya isha mgeni haondoki bila ya kashata. Binti huyu akenda kwa shangaziye na akakataa chai ya maziwa, huambiwa anaringa. Akikubali, hana budi ajitenge avitoe, anywe, apige mswaki, avirudishe. Na dakika 20 zimekwenda kwa kikombe kimoja.

Katika harusi ya binamuye alivifunga katika karatasi ya kufutia mikono akaviweka kando ya sinia ya pilau. Sinia ikaondolewa, na karatasi ikaenda nayo. Mamake na wanawake wawili wengine walichakura takataka kwa taa ya simu, wamevaa nguo zao za harusi, hata wakavipata. Tangu usiku ule kijaluba cha kuvitilia hakitengani na mkoba wake.

Ama sisi tulimzidishia mzigo. Baada ya kuchekwa, kila alasiri alivitoa kabla ya kuingia madrasa, akakaa saa mbili bila navyo. Nyumbani hakusema. Saa 22 zikawa 19, na siku nyingine hazifiki 19. Baada ya miezi miwili daktari akaona mwanya kati ya chonge na plastiki: vifuniko vimetangulia, jino limebaki nyuma. Ikabidi arudi vifuniko vitatu nyuma, na vilivyosalia vipimwe na kutengenezwa upya. Babake, mwenye duka dogo la vitambaa, aliyekuwa akilipa kwa mafungu, alikuja kwetu. Hakuja kwa hasira. Aliuliza tu, "Maalim, je, madrasa yakataza kuvivaa?" Tuliona haya, kwani kila mwaka twawafundisha watoto kuwa mwenye kusoma Kurani kwa taabu ana malipo mawili, na siku ile tulilisahau.

Tukawa twamsikiliza peke yake baada ya sala ya alasiri, navyo vikiwamo. Plastiki huupunguzia ulimi nafasi ndogo ipitayo pumzi ya sini, zee na swadi, na ulimi wahitaji siku kadhaa kuitafuta upya. Siku ya tisa sini ilirudi mahali pake.

Bibi yake alikuwa na neno jingine, nalo si la kudharauliwa: je, huku si kubadili maumbile? Alikuwa amesikia Hadithi ya Abdullah bin Masud juu ya wanawake wanaotia mianya katika meno kwa ajili ya uzuri. Tukamweleza kuwa Imamu Nawawi, katika kuisherehesha, amesema katazo ni kwa atakaye uzuri tu. Ama mwenye haja ya dawa au aibu ya jino, hapana ubaya. Mjukuu wake alikuwa hawezi kusafisha meno yaliyopandana, na ufizi ulikuwa umeanza kutoka damu. Bibi akaridhika, ila kwa mambo ya chai bado ananung'unika.

Katika udhu, kusukutua kwa madhehebu yetu ya Shafi ni sunna, na udhu wasihi navyo vikiwamo. Lakini kuvitoa na kusukutua ni kazi ya dakika moja. Ramadhani ndiyo iliyomwelekea vizuri kuliko miezi yote, kwani tangu alfajiri hata magharibi hapana wa kumkaribisha chai. Taabu ilikuwa usiku, kati ya futari na daku, ambapo sisi hula kama tulioahidiwa njaa. Tulimtahadharisha kuwa akiviosha mchana avikaushe kwanza, asije akameza maji.

Wako vijana wanaotaka kuagiza vifuniko kwa posta, bila ya daktari kuyatazama meno. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani ilifanya biashara hiyo, ikafungwa Desemba 2023, na wateja wakaachwa katikati ya matibabu. Na meno yaliyopotoka sana mara nyingi huhitaji vyuma. Hilo laamuliwa na daktari aliyekitazama kinywa.

Msichana wetu amebakiwa na vifuniko 11, na baada yake atavaa cha usiku ili meno yasirudi. Darasani kijaluba chake hukaa kando ya marufaa, kitupu.