Zana za Bure za Kompyuta na Simu katika Hesabu za Chama cha Msingi

Vyama vya msingi vingi sasa vina kompyuta ofisini, na pale ambapo kompyuta haijanunuliwa, katibu ana simu ya kisasa mfukoni iwezayo kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo swali limekuwa likizuka katika vikao vya bodi: je, yapasa fedha za wanachama zitumike kununua programu, ilhali ziko programu zitolewazo bila malipo? Jibu ni kwamba kwa kazi nyingi za kila siku za chama kidogo, yaani kuandika barua na mihtasari, kutunza daftari la mazao na kutuma nakala za nyaraka, hakuna haja ya kununua. Hata hivyo neno "bure" lina maana zaidi ya moja, na kinachoweza kukipotezea chama leja yake si bei ya programu, bali ni nani aliyeshika ufunguo wake na nani anayehakiki jumla zake.

Aina ya kwanza ya zana hizi ni programu huria. Hizi ni programu ambazo watengenezaji wake wameruhusu mtu yeyote azitumie, azinakili na hata azirekebishe bila kulipa. Iliyo maarufu kwa kazi za ofisi ni LibreOffice. Asili yake ni programu ambayo kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliifungulia umma mwaka 2000 kwa jina la OpenOffice. Mwaka 2010 baadhi ya wajenzi wake walijitenga wakaanzisha The Document Foundation, ambayo makao yake yako Berlin, Ujerumani, na kutoka hapo ikazaliwa LibreOffice. Yafaa ikumbukwe pia kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, likaitwa Jambo OpenOffice. Kazi ile ilistahili kuenea kuliko ilivyoenea.

Faida kubwa ya LibreOffice kwa chama cha kijijini ni kwamba ikishawekwa katika kompyuta haihitaji intaneti. Mafaili hubaki ofisini. Ndani yake mna Writer ya kuandikia barua na Calc ya kupangia hesabu, nazo husoma na kuandika mafaili ya Word na Excel yatokayo benki au katika chama kikuu. Ichukuliwe katika tovuti yake yenyewe, libreoffice.org, au katika flashi ya ofisi inayoaminika. Nakala za programu za kulipia ambazo mafundi wa mitaani huziweka kwa shilingi chache baada ya kuvunja kufuli zake si za bure, ni za wizi, na mara nyingi huja na virusi vinavyoharibu mafaili ya chama kizima. Ni ajabu kwamba ofisi iendelee kuhatarisha daftari lake kwa kitu cha magendo wakati kilicho halali hakigharimu chochote.

Aina ya pili ni huduma zitolewazo na makampuni kupitia kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Firefox au Chrome. Mfano ujulikanao sana ni zana za Google: barua pepe, hati, majedwali ya hesabu na fomu za kukusanyia taarifa. Mtumiaji hupewa nafasi ya kuhifadhi ya gigabaiti 15 bila malipo, ambayo kwa maandishi na tarakimu za chama cha msingi hutosha kwa miaka mingi. Manufaa yake ni kwamba katibu akiwa kituo cha kupimia na mhasibu akiwa ofisini wanaweza kufungua jedwali moja kwa wakati mmoja. Lakini hapa faili haliko tena ofisini. Liko katika kompyuta za kampuni, kwa masharti ambayo kampuni yaweza kuyabadili, na akaunti isiyoguswa kwa muda wa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Google ilianza kutekeleza sharti hilo Desemba 2023. Chama kilichofunga hesabu za msimu mmoja kikaziacha katika akaunti isiyotumika hakina budi kulijua jambo hili kabla mkaguzi hajaziulizia.

Sasa yafaa kuingia katika kazi yenyewe, hasa ya jedwali la hesabu, ambalo wataalamu wa lugha huliita lahajedwali. Jedwali hili ni karatasi yenye mistari na safu, ila kila kijumba chaweza kubeba ama neno, ama tarakimu, ama amri ya kukokotoa. Kwa chama cha kahawa safu zaweza kuwa tarehe, namba ya stakabadhi, namba ya mwanachama, kilo zilizopokelewa na malipo ya awali. Stakabadhi moja, mstari mmoja. Namba ya mwanachama na itumike daima badala ya jina peke yake, kwa sababu jina lililoandikwa leo kwa herufi moja na kesho kwa mbili, kompyuta hulihesabu kuwa la watu wawili.

Katika jedwali la namna hii makosa matatu hutokea kwa urahisi, na yote hutokea kimya kimya. La kwanza ni tarakimu iliyochanganywa na maneno. Karani akiandika "38 kg" ndani ya kijumba badala ya 38, au akaweka herufi O mahali pa sifuri, kompyuta huiona kuwa ni neno na amri ya kujumlisha huiruka bila kulalamika. Dalili yake huonekana kwa macho: tarakimu halisi husogea upande wa kulia wa kijumba, na neno hukaa kushoto, isipokuwa mtu awe amebadili mpangilio huo kwa mkono.

La pili ni jumla isiyofika mwisho. Karani ameagiza =SUM(D2:D180), maana yake jumlisha safu ya D kuanzia mstari wa 2 hadi wa 180. Msimu ukiendelea, stakabadhi za mstari wa 181 na kuendelea zimo katika jedwali, zinaonekana, lakini hazimo katika jumla. Asifikiri mtu kwamba hilo huwapata wasiosoma tu. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart wa Chuo Kikuu cha Maryland na Kenneth Rogoff wa Chuo Kikuu cha Harvard, walitoa maandiko juu ya madeni ya mataifa na ukuaji wa uchumi, na wakubwa wa nchi kadhaa wakayanukuu walipokuwa wakitetea kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa jedwali lenyewe, akakuta kwamba amri ya kutafuta wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano, nazo ni Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, zilikuwa zimeachwa nje. Hilo halikuwa jambo pekee lililobishaniwa katika maandiko yale, lakini ndilo ambalo wenyewe walilikiri mara moja. Kinga yake kwa chama ni kuiweka jumla katika karatasi nyingine ya faili hilo hilo na kuiagiza isome safu nzima, ili kila mstari mpya uingie wenyewe.

La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni kilo za mtu kuandikiwa mtu mwingine. Ipo amri iitwayo SUMIF ambayo hutoa jumla ya kila mwanachama kwa namba yake. Mhasibu mwangalifu hulinganisha jumla ya wanachama wote na jumla ya siku zote, kama alivyokuwa akitafuta urari katika leja ya mkono. Karani akiandika 470 katika chama chenye wanachama 300, jumla hizo mbili hazitalingana na kosa litatafutwa. Lakini akiandika 74 badala ya 47, jumla zitalingana barabara. Urari utakuwa safi, na mwanachama namba 47 atapunjwa mbele ya macho ya kila mtu. Hakuna programu, ya bure wala ya kununua, iwezayo kuliona kosa hilo, maana kompyuta haikuwapo mzani ulipopimwa. Linaonwa na stakabadhi ya karatasi iliyo mkononi mwa mkulima mwenyewe. Kwa sababu hiyo stakabadhi zisiachwe kwa kisingizio cha kompyuta. Na kabla ya malipo, kila mwanachama apewe karatasi yenye orodha ya mizigo yake, tarehe kwa tarehe, ailinganishe na stakabadhi zake. Mtu asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi aliyemchagua yeye. Kuchapa orodha hizo kutoka katika jedwali ni kazi ya alasiri moja, na pengine ndiyo faida kubwa kuliko zote ambazo zana hizi zimemletea mkulima.

Kwa upande wa simu yatosha kutaja machache. Programu ya Google Drive katika simu za Android hupiga picha ya karatasi, ikanyoosha kingo zake na kuihifadhi kama waraka wa PDF. Ni njia nzuri ya kuwa na nakala za mihtasari, mikataba na hati za mizigo. Tangu mwaka 2017 uandishi wa Google kwa sauti umekuwa ukipokea Kiswahili, hata katibu aweza kusoma rasimu yake simu ikaiandika. Rasimu hiyo lazima isomwe upya, kwani majina ya watu na ya vijiji huharibika sana.

Tahadhari inahitajika kwa tovuti zinazojitolea kugeuza, kuunganisha au kupunguza mafaili ya PDF. Karani huipeleka huko orodha ya wanachama, yenye majina, namba za simu na akaunti za benki, kwa kazi ya dakika moja, bila kujua faili hilo limekwenda kukaa wapi. Safari hiyo mara nyingi si ya lazima. LibreOffice hutoa PDF yenyewe, na vivinjari vya kawaida huweza kuhifadhi ukurasa kuwa PDF kwa amri ile ile ya kuchapa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, humbebesha wajibu anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na chama kinazo nyingi.

Linabaki suala la ufunguo. Ni kawaida katibu kufungua akaunti kwa jina lake na kwa namba yake ya simu, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa siku ile palihitajika akaunti. Mkutano mkuu ukibadili uongozi, au katibu akihama, akiugua au akifariki, leja ya watu mia tatu inabaki ndani ya simu ya mtu mmoja. Kwa hiyo akaunti mama ifunguliwe kwa jina la chama, kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa chama, na neno lake la siri liandikwe, litiwe katika bahasha, lifungwe kwa lakiri na kuwekwa katika sefu kwa kumbukumbu ya kikao cha bodi. Watendaji wasitumie akaunti hiyo katika kazi za kila siku. Kila mmoja aalikwe katika jedwali kwa akaunti yake ya kazi. Sababu yake ni hii: majedwali ya Google hutunza historia ya mabadiliko, ambapo huonekana nani alibadili jedwali na lini. Wote wakiingia kwa jina moja, historia hiyo haimwambii mkaguzi kitu. Katika LibreOffice kuna amri ya kurekodi mabadiliko, lakini sharti iwashwe tangu mwanzo.

Nakala za akiba zitolewe kila Ijumaa ya msimu katika flashi mbili, moja ikae katika sefu na nyingine kwa mwenyekiti. Kwa kuwa faili lina habari za watu, liwekewe neno la siri wakati wa kulihifadhi. LibreOffice ina nafasi hiyo. Mara moja kwa mwezi nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba inafunguka.

Chama kinachoanza kisifunge daftari la mkono mara moja. Msimu mmoja mzima viende vyote viwili, na tofauti yoyote itafutwe chanzo chake kabla ya malipo. Zana hizi haziondoi wajibu wa kupeleka taarifa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na katika hati ya makabidhiano ya ofisi, pamoja na mhuri, vitabu vya stakabadhi na funguo za ghala, sasa ziorodheshwe pia akaunti za chama, laini yake ya simu, bahasha ya neno la siri na flashi zote mbili, na atokaye na aingiaye watie saini mbele ya bodi.