Fahamu: Kwa nini mabadiliko ya CSS hayaonekani kwenye tovuti
CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, haitoi onyo inapokosewa. Kivinjari huruka kimyakimya kisichokielewa. Mabano ya kufunga yakisahaulika, kanuni zinazofuata nazo huweza kupotea.

Mara nyingine kosa halipo kabisa: kinachoonekana ni nakala ya zamani iliyohifadhiwa na kivinjari. Kwenye Chrome au Firefox ya Windows, Ctrl, Shift na R kwa pamoja hupakia ukurasa upya.

Rangi ikibaki ileile, huenda kanuni nyingine ina nguvu zaidi. Kiteuzi cha kitambulisho hushinda cha darasa, hata kikitangulia kuandikwa. F12 hufungua zana zinazoonyesha kanuni iliyoshindwa ikiwa imekatwa kwa mstari, na hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi, si kubahatisha.