Kikohozi cha Mtu Mzima: Kipimo Kinachotaja Virusi kwa Jina

BARIDI inapoingia Kesses, kukohoa huonekana jambo la kawaida. Mkulima hukohoa shambani, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi hukohoa bwenini, na wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Je, dawa hizo husaidia?

Mara nyingi, la. Antibiotiki hupigana na bakteria, haziui virusi. Nayo mafua mengi huletwa na virusi: vya influenza, vya RSV, vya korona na vinginevyo. Dalili zake hufanana mno hata daktari mzoefu hawezi kuvitofautisha kwa kumtazama mgonjwa tu.

Hapo ndipo kipimo cha PCR kinapofaa. Wakenya wengi walikisikia mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini. Lakini mbinu yenyewe ilibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993.

Mhudumu huingiza kijiti chenye pamba puani na kuchukua kamasi. Katika maabara, mashine hutafuta kipande cha jeni za virusi na kukirudufisha kwa kupashwa joto na kupozwa mara kwa mara. Kila mzunguko, idadi huongezeka maradufu. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja chaweza kuwa zaidi ya bilioni moja. Ndiyo maana hata virusi vichache hugunduliwa.

Faida ni nini? Virusi vya influenza vikipatikana mapema, kuna dawa kama oseltamivir, ambayo hufaa zaidi ikianzwa katika saa 48 za kwanza. Hili ni muhimu hasa kwa wazee, waja wazito na wenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo. Mgonjwa pia hujua kujitenga asiambukize wenzake.

Hata hivyo, kipimo si mganga. Chaweza kuonyesha mabaki ya virusi wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Tena, mwenye virusi aweza kushikwa na nimonia ya bakteria juu yake, na huyo atahitaji antibiotiki. Uamuzi ni wa daktari.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, au ukikonda na kutokwa jasho usiku, omba kupimwa kifua kikuu. Mashine ya GeneXpert huchunguza makohozi kwa mbinu ya aina hiyo hiyo.

Na ukiona mgonjwa anahema kwa shida, anaumwa kifua au anachanganyikiwa, usingoje majibu ya maabara. Kutoka Kesses hadi Eldoret, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ni mwendo wa kilomita kadhaa. Afadhali safari hiyo ianze mchana, mgonjwa akiwa bado ana nguvu.