Nyumba Bora ni Kinga: Fundi na Msanifu Wakae Pamoja



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya chanjo, lishe na dawa. Safari hii tuzungumze juu ya nyumba. Huenda mtauliza: muuguzi na ujenzi wapi na wapi? Sisi tunaohudumia wodi ya watoto twajua kwamba nimonia, malaria, kifua kikuu na ajali za moto mara nyingi huanzia nyumbani. Dawa humponya mtoto, kisha anarudi chini ya paa lile lile.

Shida yetu hapa Kisongo

Mchana wa kiangazi bati huwaka kama kikaango. Usiku wa Juni na Julai bati hilo hilo hupoa upesi, na baridi huingia hadi kwenye mifupa. Familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hiyo ni hatari kubwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala waweza kufa bila kuamka. Kwa hiyo nyumba inayotunza joto lake yenyewe huokoa mkaa, fedha, na hata uhai.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba ya asili ya Kimaasai hujengwa na mama kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Ukuta wa udongo hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Kasoro yake ni moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Katika wilaya jirani ya Monduli, kupitia mradi wa Maasai Stoves & Solar, akina mama wamejifunza kujenga majiko ya tofali yenye bomba la kutolea moshi nje. Hawakuvunja nyumba, waliondoa kasoro.

Waliokaa pamoja walipata nini?

Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, wasanifu majengo kutoka Denmark walishirikiana na watafiti na mafundi wa Tanzania kujenga nyumba 6 za mfano. Kuta zilipitisha hewa, na madirisha na milango vilizuia mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nyumba hizo zilikuwa na ubaridi zaidi ya nyumba za kawaida kwa nyuzi zaidi ya 2, na mbu walipungua sana, hasa katika nyumba za ghorofa. Baadaye nyumba 110 za aina hiyo zilijengwa vijijini mkoani Mtwara.

Je, tuige ramani ile ile? Hapana. Muheza na Mtwara wanatafuta ubaridi. Sisi usiku twatafuta joto. Cha kuiga ni ule ushirikiano: mwenye kuchora, mwenye kujenga na mwenye kuishi humo walisikilizana.

Wasiposikilizana, hutokea hivi. Msanifu anachora matundu ya hewa juu ya dirisha. Fundi, akitaka kuzuia popo na vumbi, anayaziba kwa tofali. Vumbi limezuiwa, lakini moshi na vijidudu vya kifua kikuu vimefungiwa ndani. Wangezungumza kabla, wangeweka wavu, nao wavu ni rahisi kuliko tofali.

Mambo ya kukubaliana kabla ya kuchimba msingi

1. Mwelekeo. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua kali la jioni lipige ukuta mfupi.

2. Hewa. Kila chumba cha kulala kiwe na madirisha au matundu pande mbili, yenye wavu. Nafasi kati ya ukuta na paa, ambapo mbu hupenda kupita, nayo iwekwe wavu.

3. Dari. Bati bila dari halitunzi joto. Kama fedha ni kidogo, anzeni na chumba cha watoto.

4. Tofali. Tofali za kuchoma humaliza kuni nyingi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanza mwaka 1971 kama kitengo cha utafiti wa ujenzi, ulihimiza tofali za kufungamana. Hizi ni udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Lakini udongo upimwe kwanza, maana si kila udongo unafaa.

5. Jiko. Mama aulizwe anapikia nini na amesimama wapi. Bomba la moshi lichorwe kwenye ramani, lisitobolewe kwenye bati baadaye.

6. Maji ya mvua. Visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru zina floraidi nyingi, inayowatia watoto meno ya kahawia na, ikizidi, hudhuru mifupa. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Panga mifereji ya paa na mahali pa tangi lenye mfuniko tangu mwanzo. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, na ya kunywa yachemshwe.

Na gharama?

Wengi husema msanifu ni wa matajiri. Lakini kugeuza nyumba kwenye karatasi ni bure. Kuhamisha dirisha baada ya kufunga lenta ni kuvunja ukuta. Kama huwezi kulipia kazi yote, omba ushauri wa siku moja, au uliza ofisi ya ujenzi ya halmashauri unapofuata kibali. Fundi wako awepo, na mama wa nyumba awepo.

Na kwa wale ambao nyumba imekwisha simama: wekeni wavu, ongezeni dari, hamisheni jiko. Na usiku wa leo, mkaa ulale nje.