Ufito wa Baba

Zamu yangu ya usiku huisha saa moja asubuhi. Mwaka jana, kwa karibu miezi minne, nilipofika nyumbani hapa Houston sikuwa nikikimbilia kitanda. Nilikaa kwenye meza ya jikoni na ufito wa kuvulia samaki mbele yangu, nikizungusha uzi.

Chanzo ni Baba. Alipata kiharusi kule Tanga, upande wa kulia ukalegea. Mimi ni muuguzi, nimewafundisha wazee wa watu kushika kijiko upya, lakini wangu nilimwona kwenye simu tu. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea na mkongojo. Mkono haukurudi, na mshipi unataka mikono miwili, mmoja uvute na mwingine ushike kilichokwisha kuvutwa. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, siku hizi naenda pwani kuwaangalia wenzangu." Hakulalamika, na ndiyo maana nilishindwa kulala.

Jirani yetu, mzee mstaafu, huwaundia fimbo wavuvi wanaoshuka Galveston. Nilipomweleza, alinionyesha kwamba ufito ukichomekwa kwenye bomba la plastiki lililosimikwa mchangani, mtu anaweza kuzungusha rili kwa mkono mmoja. Rili nyingi mpini wake huhamishwa, ukakaa upande wowote. Kutupa chambo ndiko kunakotaka msaidizi, na msaidizi nilikuwa naye: mwanangu wa miaka 13, ambaye Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza.

Ningeweza kununua fimbo dukani. Mzee akasema kama ni ya baba yako, ifunge mwenyewe.

Uzi kwenye fimbo si pambo tu. Pete anamopita mshipi hazina skrubu wala msumari. Miguu yake hulazwa juu ya ufito, ikazungushiwa uzi wa nailoni, kisha ikapakwa gundi ya epoksi. Pambo lenyewe hukaa juu kidogo ya mshikio. Mimi nilichagua almasi, ambayo ndiyo wanaoanza hupewa. Unapima na kuweka alama pande mbili za ufito, kwa nafasi sawa. Uzi wa kwanza unapanda ukizunguka, unashuka ukizunguka upande wa pili, na kila unapojikata ni lazima iwe juu ya alama. Kila uzi unaofuata hulala ubavuni mwa mwenzake, huku na huku, na almasi inakua kutoka katikati. Alama moja ikihama milimita moja tu, utaiona almasi ya juu imepinda. Hakuna dawa ila kufumua. Nilifumua mara tatu.

Mara ya tatu nilimkumbuka Bibi akisuka ukili. Ukiruka mwaa mmoja hakusemi, anakutazama tu mpaka urudi nyuma.

Vifaa visikutishe. Kishikio changu kilikuwa boksi la kadibodi lililokatwa pembe mbili za V. Ili uzi ubane, niliupitisha katikati ya kurasa za kitabu kizito, na kitabu changu cha famakolojia cha chuo, kilichonigharimu pesa nyingi, hatimaye kikapata kazi. Anza na uzi mnene wa saizi D, ule mwembamba wa A utakutoa machozi. Na kabla ya gundi paka dawa ya kulinda rangi, la sivyo uzi wa kawaida hufifia na kuwa kama umelowa mafuta.

Gundi ndiyo iliyoniadhiri. Huchanganywa sehemu mbili zilizo sawa kabisa, nami nikajiona bingwa: kupima mililita ndiyo kazi yangu. Nikatumia mabomba ya sindano (niliyanunua, sikuyachukua kazini). Asubuhi yake gundi ilikuwa imejaa vishimo. Mzee akacheka. Mabomba ya hospitali hupakwa silikoni ndani ili mpira uteleze, na epoksi haishikani na silikoni. Ikabidi nikate kila kitu nianze upya, zikiwa zimebaki wiki tatu tusafiri.

Safari hii mwanangu alikaa nami. Gundi mbichi huchuruzika chini, kwa hiyo ufito lazima ugeuzwe mpaka ikaze. Wenye mota huiachia mota. Sisi tuligeuza kwa mkono, robo mzunguko kila baada ya dakika chache, jioni nzima. Aliniuliza Babu anavua samaki gani. Nikamtajia changu, kolekole, nguru, tasi.

Desemba tulifika Tanga. Baba alipitisha kidole gumba cha kushoto juu ya almasi, taratibu, akasema nyekundu imezidi. Kesho yake tukashuka pwani. Mwanangu alitupa, Babu akafoka, "Ngoja! Usiguse, mwache ale!" Siku ya kwanza tulipata mwani. Siku ya pili, mwani. Ya tatu, Baba alizungusha rili kwa mkono wa kushoto, akasimama kupumzika mara mbili, na hakutaka asaidiwe. Alikuwa changu wa ukubwa wa kiganja.

"Mdogo, Babu," mwanangu akasema, kwa Kiswahili.

"Mdogo wa nani? Huyu wangu."

Usiku Baba aliniletea mkongojo wake, mshikio ukiwa umelika, akauliza kama uzi ulibaki. Ulibaki Houston. Asubuhi nikaenda kuutafuta kwa mafundi wa nyavu.