Mguu wa mtoto ukilegea ghafula, tufanye nini?

Mtoto wa miaka miwili alicheza vizuri, kisha akapata homa. Siku chache baadaye mama anamsimamisha, lakini mguu mmoja umelegea, haubebi tena mwili. Katika mitaa yetu maneno huanza hapo hapo: ni ulozi, ni wivu wa jirani, ni laana ya ukoo. Wazazi wanazunguka huku na huku, na siku zinapita.

Wapendwa, kuna ugonjwa unaofanya hivyo hivyo kwa watoto wenye afya nzuri. Jina lake ni polio.

Namna unavyofanya kazi

Virusi vya polio huingia kwa kinywa, kupitia maji, chakula au mikono yenye uchafu wa choo. Vinaongezeka ndani ya matumbo. Watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote, au wanapata homa na kutapika tu. Lakini kwa mtoto mmoja hivi kati ya 200, virusi vinafika kwenye uti wa mgongo na kuharibu neva zinazoamuru misuli. Msuli usiopata amri unalegea, kisha unakonda. Neva ikifa, hakuna dawa ya kuirudisha. Misuli ya kupumua ikipooza, mtoto anaweza kufa.

Basi tukiona mmoja amepooza, tujue kwamba wengine wengi karibu naye wanabeba virusi huku wakicheza.

Je, polio haikuisha?

Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Lakini virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya matone, mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, vinaweza kupita toka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, vikabadilika na kupata nguvu tena. Hivyo ndivyo watoto wa Haut-Lomami na Tanganyika walivyopooza. Mtoto aliyechanjwa kikamilifu analindwa. Hatari inakaa pale tunapowaacha wengine nje.

Tufanye nini?

Tumpeleke mtoto kituo cha afya siku ile ile. Choo chake kitachukuliwa mara mbili, kwa nafasi ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza, kipimwe maabara. Tukichelewa, virusi vinaweza kukosekana katika kipimo, na jirani hawatajua hatari.

Tusimpige sindano zisizo za lazima: sindano ya msuli wakati virusi vimo mwilini inaweza kuongeza kupooza.

Tuwafungulie mlango wachanjaji, hata kama mtoto alikwisha kupata matone. Tunawe mikono kwa sabuni.

Aliyekwisha kupooza tusimfiche nyumbani: aende shuleni na kanisani pamoja na wenzake.

Na maombi? Tuombe, tukiwa njiani kwenda kituo cha afya.